Kipimo cha Moyo kwa Lugha ya Mwenye Moyo

Utangulizi

Kila walipo watu wanaofundishana kazi, huwapo pia haja ya kupimana. Fundi seremala humpima mwanagenzi wake kwa kumpa ubao auchonge. Mwalimu humpima mwanafunzi kwa mtihani. Kocha humpima mkimbiaji kwa saa. Vipimo hivi vya nje vina ubishi mdogo, kwa kuwa ubao ukipinda kila mtu huuona, na saa haina ndugu wala rafiki. Lakini siku hizi katika elimu ya michezo kimeingia kipimo cha namna nyingine, nacho ni kipimo cha yale yanayopita moyoni mwa mwanamichezo wakati mwili wake ukiwa kazini. Kipimo hiki hakitumii saa wala utepe. Hutumia maneno. Mwanamichezo hupewa karatasi yenye sentensi chache, akaombwa aseme kila sentensi ni kweli kwake kwa kiasi gani. Karatasi hiyo huitwa hojaji, au dodoso kama wasemavyo watu wa maofisini.

Insha hii inauliza kama ni haki kuupima moyo wa mtu kwa maneno ambayo si yake. Mtu aweza kudhani kwamba swali hili ni la wataalamu wa vyuo vikuu peke yao. Sivyo hata kidogo. Linamhusu kila mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, kila kijana wa Temeke akimbiaye alfajiri kandokando ya Barabara ya Kilwa, kila kijana wa Kinondoni afanyaye mazoezi kwenye mchanga wa Coco Beach, na kila raia aaminiye kwamba lugha ya taifa ina kazi kubwa kuliko kuandikia matangazo. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya dari moja, na katika swali letu yanakutana tena.

Jambo linalopimwa

Kabla ya kukihukumu kipimo, hatuna budi kujua kinapima nini. Tuwatazame vijana wawili wanaozunguka uwanja. Wa kwanza miguu yake inakwenda, lakini moyo wake uko nyumbani kwa mama mgonjwa, au uko kwa mtazamaji aliyemzomea, au umetangulia kwenye mstari wa mwisho ambako mwili haujafika. Wa pili anaisikia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Anatambua kwamba paja la kulia linaanza kukaza. Anaiona hofu ya kushindwa inapopanda, naye anaiacha ipite bila ya kupigana nayo. Wote wawili wana mwendo mmoja, na saa haiwezi kuwatenga. Tofauti iliyopo kati yao ndiyo ambayo wataalamu wameitafutia jina. Katika insha hii tutaiita uzingativu, yaani hali ya moyo kuwapo pale ulipo mwili, ukiyatambua yanayotokea bila ya kuyakimbia wala kuyatolea hukumu.

Fikra hii imesafiri sana. Asili yake ni mafundisho ya Kibudha ya bara la Asia, ambayo maandiko yake ya kale yako katika lugha ya Kipali. Huko neno lake ni sati, na maana yake ya asili inakaribia kukumbuka. Mwaka 1881 mtaalamu Mwingereza, T. W. Rhys Davids, alilitafutia neno la Kiingereza, na neno hilo ndilo lililoenea. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu njia ya kuuangalia mwili na fikra zao kwa utulivu, pasipo kuwataka waifuate dini yoyote. Kutoka hospitalini fikra hiyo ikaingia viwanjani. Mwaka 2016 wataalamu watatu wa Marekani, Anne Cox, Sarah Ullrich-French na Brian French, walichapisha uchunguzi wa hojaji yenye sentensi 12 ambayo mtu huijaza mara amalizapo mazoezi. Sentensi sita zahusu aliyoyatambua katika fikra zake, na sita zahusu aliyoyatambua katika mwili wake. Baada ya hapo mataifa mengine yalianza kuzigeuza hojaji za namna hiyo kwa lugha zao, na Waturuki ni miongoni mwa waliozishughulikia kwa ajili ya wanamichezo wao.

Tukiitazama safari hii tunapata funzo la kwanza. Hakuna taifa moja linaloweza kudai kwamba fikra ya uzingativu ni mali yake pekee na kwamba wengine wanaiazima tu. Hata hao Waingereza na Wamarekani walitafsiri. Basi Mswahili akiitafsiri leo, amejiunga na msafara uliokwisha kuanza kabla yake, wala hana sababu ya kuona haya.

Tena lugha yetu haikuwa imekaa ikisubiri kufundishwa jambo hili. Mswahili husema, "Yupo, lakini moyo wake haupo." Wazee huonya kwamba mwenda pole hajikwai, nao hawakusudii uvivu, bali mwendo wa mtu anayejua mguu wake unakanyaga wapi. Misikitini na makanisani watu huaswa kwamba asaliye kwa midomo ilhali moyo wake uko sokoni hajasali. Mpiga ngoma humjua mara moja mchezaji ambaye mwili wake uko uwanjani lakini masikio yake yako kwingine. Kwa hiyo jambo lenyewe tunalo. Tusilolijua bado ni kama jambo letu na lile linalopimwa na hojaji ya kigeni ni kitu kimoja.

Maneno yanayokataa kuvuka

Tuseme mwalimu wa michezo wa Mbagala anataka kuitumia hojaji ya namna hii kwa wanafunzi wake wanaojiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Anachukua kamusi, anaketi, anaanza kutafsiri. Sentensi ya kwanza yamtaka mwanamichezo aseme kama aliyatambua mawazo yake wakati wa mazoezi. Mwalimu anaandika, "Niliyatambua mawazo yangu." Sarufi yake haina kosa. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, mtu asemaye "nina mawazo" amesema kwamba ana shida. Ameachwa, amefiwa, anadaiwa, au amekosa kodi ya nyumba. Kijana wa Tandika akiisoma sentensi ile ataielewa kama swali juu ya matatizo yake, na kijana mwenye furaha atajibu kwamba hakuwa na mawazo yoyote. Hapo hojaji itamhesabu kuwa hana uzingativu, kumbe alikuwa na raha tu.

Au tulitazame neno kukubali. Mafundisho ya uzingativu yahimiza kuyakubali maumivu na hofu, yaani kuyaacha yawepo bila ya kushindana nayo. Lakini kwa mwanamichezo wetu, kukubali ni kusalimu amri. Bondia aliyekubali ameshindwa. Ukimwuliza kijana wa Mwananyamala kama aliyakubali maumivu ya miguu yake, atakujibu kwa fahari kwamba hakuyakubali hata kidogo, aliyashinda! Kwa mujibu wa karatasi, jibu hilo ni dalili ya upungufu; kwa mujibu wa lugha yake, ni dalili ya ushujaa. Vivyo hivyo neno kuhukumu, ambalo kwetu ni la mahakama na la Siku ya Kiyama. Mtu akiambiwa asiihukumu pumzi yake, atashangaa kwamba pumzi inaweza kushtakiwa.

Mtego mwingine uko katika kukanusha. Watungaji wa hojaji hupenda kuchanganya sentensi za kukubali na za kukana, ili wamkamate mtu ajibuye bila ya kusoma. Lakini Mswahili akiulizwa, "Hukuchoka?" hujibu, "Ndiyo," akiwa na maana kwamba ni kweli hakuchoka, ilhali Mwingereza kwa swali kama hilo angejibu la. Ukimwekea kijana sentensi isemayo, "Sikuusikia mwili wangu," kisha ukamtaka achague kati ya "si kweli kabisa" na "kweli kabisa," umemfungia makanusho mawili katika fundo moja. Asipolifungua, kosa ni la aliyelifunga.

Hata hivyo lugha yetu haileti matatizo peke yake. Huleta na zawadi. Hojaji tunayoizungumza yataka kujua hali ya mtu katika mazoezi aliyoyamaliza sasa hivi, wala haiulizi tabia yake ya siku zote. Lugha nyingine huhitaji maelezo marefu ili kuzitenga hali hizo mbili. Sisi tunalo umbo la hu- kwa mazoea na -li- kwa lililopita: "huisikia pumzi yangu" ni habari ya tabia, "niliisikia pumzi yangu" ni habari ya leo. Aidha tunacho kitenzi kusikia, ambacho kinabeba sauti, harufu, maumivu na njaa kwa pamoja, na hivyo kinaukaribia mwili kuliko vitenzi vya kitaalamu. Mtafsiri mwenye sikio ataitumia hazina hii.

Waturuki nao wamekutana na mambo ya namna hii. Neno lao la utambuzi, farkındalık, limejengwa juu ya neno la Kiarabu lenye maana ya tofauti: atambuaye ni yule aliyeiona tofauti. Sisi pia tulilipokea shina hilohilo kutoka Kiarabu, lakini kwetu limezaa farakano, yaani watu kugombana na kuachana. Mbegu moja imepandwa katika mashamba mawili, na mavuno yamekuwa mbalimbali. Mwenye kudhani kwamba maneno hubeba maana yake popote yaendapo, kama gunia libebavyo mchele, na aufikirie mfano huo.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya mambo ya moyoni tu. Mwaka 1999 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya hojaji ya Marekani juu ya afya, ijulikanayo kwa jina la SF-36, iliyokuwa imefanyiwa majaribio kwa wakazi wa Dar es Salaam. Hojaji hiyo katika asili yake humwuliza mtu kama afya yake inamzuia kufanya kazi za wastani, na mifano inayotolewa ni kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, na kucheza gofu. Ni nyumba ngapi za Tandale au Keko zina mashine ya kufyonza vumbi? Kuna ndoo ya maji kichwani, kuna ufagio, kuna kinu na mchi. Mtu anayeweza kuzifanya kazi hizo zote kwa siku moja ana nguvu, lakini asipoulizwa kwa majina ya kazi zake, nguvu zake hazitaandikwa popote.

Adabu ya kuulizana

Liko jambo jingine ambalo kamusi haiwezi kulitatua. Kuuliza ni tendo la watu wawili, na kila jamii ina adabu yake ya kuulizana. Kwetu mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," hata kama ana homa. Akiulizwa habari za nyumbani, hujibu kwamba ni nzuri, kisha baada ya muda ndipo huongeza, "ila mtoto hakulala jana." Jibu la kwanza ni la heshima, na la pili ndilo la habari. Mgeni anayeandika jibu la kwanza na kuondoka amerudi na adabu yetu, hakurudi na hali zetu.

Sasa kijana wa kidato cha pili anapewa karatasi na mwalimu wake, mtu ambaye asubuhi alimwamkia shikamoo. Karatasi inauliza kama moyo wake ulikuwapo katika mazoezi. Yeye anajua kwamba mwalimu ndiye aliyeyaandaa mazoezi hayo. Je, atamwambia kwamba moyo wake haukuwapo? Atajaza alama za juu kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na kufanya hivyo kwake si uongo, ni heshima. Hapa uadilifu wa kipimo unagongana na uadilifu wa malezi, na yote mawili ni mema. Hapana budi hojaji iwekewe mazingira ambamo kusema kweli hakumvunjii mtu heshima. Jina lisiandikwe, mwalimu asisimame juu ya bega la mjibuji, vijana waelezwe waziwazi kwamba hakuna jibu zuri wala baya, na kwamba mtu akikataa kujibu hatapoteza nafasi yake. Ruhusa ya mzazi iombwe, na ridhaa ya kijana mwenyewe isichukuliwe kuwa imekwisha kutolewa kwa sababu tu amenyamaza.

Moyo wa mmoja na moyo wa wengi

Kuna swali zito kuliko yote yaliyotangulia. Hojaji hizi humtazama mwanamichezo kama mtu aliye peke yake na mwili wake: pumzi yangu, misuli yangu, fikra zangu. Lakini je, katika mazoezi ya Kitanzania moyo hukaa peke yake?

Tuufikirie mchakamchaka, ambao vizazi vya wanafunzi wa nchi hii vimeujua. Watoto hukimbia kwa mistari kabla ya masomo, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakipokea, miguu ikipiga chini kwa pamoja. Mtoto aliyemo katika mstari ule hazingatii pumzi yake. Anazingatia mguu wa mwenzake wa mbele na zamu ya kiitikio. Akiupoteza wimbo, anapoteza mwendo. Uzingativu upo, tena ni mkubwa, lakini makao yake yako kati ya watu. Jambo hilohilo laonekana leo katika vikundi vya jogingi vya Temeke na Kinondoni, ambamo vijana, akina mama na wazee huingia barabarani asubuhi za mwisho wa wiki wamevaa fulana za rangi moja, wakiimba na kupiga makofi. Ukimpa mmoja wao karatasi yenye sentensi 12 za pumzi na fikra zake binafsi, aweza kupata alama ndogo, kwa sababu kile alichokizingatia hakimo katika karatasi.

Lakini tujihadhari tusije tukajisifu kupita kiasi. Wapo wapendao kusema kwamba Mwafrika ni mtu wa wengi na Mzungu ni mtu wa peke yake, kana kwamba neno hilo limemaliza kila kitu. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mkimbiaji wa mbio ndefu wa Mbulu au Singida hukaa peke yake na mwili wake saa nyingi kuliko mtu yeyote. Filbert Bayi, tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, alishika uongozi tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Mtu akimbiaye mbele hana mgongo wa kuutazama. Ana mwili wake na sauti ya waliomfuata. Yaliyokuwa moyoni mwake siku hiyo anayajua yeye, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi hojaji iliyo ya haki kwetu itakuwa na nafasi ya aina zote mbili za uzingativu, na uchunguzi ndio utakaoonyesha kama aina hizo ni mbili kweli au ni moja yenye nyuso mbili.

Hoja mbili za kujibiwa

Wapo wasemao kwamba maneno haya yote ni kujisumbua. Mwili wa binadamu ni mmoja, wanasema. Pumzi ya Mturuki ni pumzi ya Mzaramo. Tafsiri tu, kisha upime. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba pumzi ni moja. Lakini hojaji haiipimi pumzi; hupima maneno ambayo mtu huyatumia kuieleza pumzi yake, na maneno hayo yamelelewa na jamii. Mtu akitaka kuipima pumzi yenyewe na atumie mashine. Akichagua kutumia maneno, basi amekwisha kuingia katika utamaduni, apende asipende.

Wapo pia wa upande wa pili, wasemao kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwamba hojaji za kigeni tuzitupe na tubaki na hekima za wazee. Hawa nao tuwajibu kwa heshima. Kijana wa Yombo anayeshindwa kulala kabla ya mashindano, au anayelia kwa sababu hofu inamkata pumzi, hatasaidiwa na kiburi chetu cha utamaduni. Kama iko njia ya kumwelewa na kumfundisha utulivu, ana haki ya kuipata. Mwalimu Nyerere hakuogopa kumtafsiri Shakespeare. Alipoupa mchezo wa mfanyabiashara wa Venisi jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alionyesha kwamba mtafsiri huamua, na kwamba uamuzi wake una maana katika jamii anamoishi. Nguo iliyoazimwa ikikatwa upya na kushonwa kwa kipimo cha mvaaji huwa ni nguo yake.

Njia ya haki

Namna ya kushona upya inajulikana. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, kisha huketi pamoja wakalinganisha. Mtu wa tatu, asiyeiona asili, huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza, ili ionekane kama kuna kilichopotea njiani. Utaratibu huu wa kurudisha ulielezwa na Richard Brislin mwaka 1970, nao umeenea duniani. Ni mzuri, lakini una hila yake. Sentensi kama "Nilikuwa na ufahamu wa wakati uliopo" hurudi katika Kiingereza salama salimini, neno kwa neno, na mkaguzi hufurahi. Kumbe hakuna kijana hata mmoja wa Charambe asemaye hivyo. Tafsiri mbovu yaweza kufaulu mtihani wa kurudishwa kwa sababu ya ubovu wake huohuo wa kuifuata asili kama kivuli.

Kwa hiyo hatua iliyo kuu ni ile inayofuata, ya kuwaketisha vijana wenyewe. Wasome kila sentensi kwa sauti, waseme wameelewa nini, watoe mfano, na wapendekeze maneno yao. Huenda wakaleta neno kama mzuka, ambalo kwa wazee ni pepo atokeaye ghafla, lakini kwa vijana wa mjini ni ile hamasa ipandayo mwilini wakati wa mchezo. Mwalimu asilikatae papo hapo kwa kuwa halimo katika lugha ya vitabu, wala asiliandike papo hapo kwa kuwa limemfurahisha. Na alipime: je, kijana wa Bunju, wa Mtoni na wa Lindi watalielewa sawasawa? Kiswahili sanifu, ambacho BAKITA limekisimamia tangu mwaka 1967, kina faida ya kueleweka kote; lugha ya mtaani ina faida ya kuugusa moyo. Hojaji njema hutafuta neno lililo sanifu na hai kwa wakati mmoja. Baada ya hapo ndipo hesabu hufuata: kuona kama sentensi zinazodai kupima jambo moja hujibiwa kwa namna moja, na kama mtu aliyejaza leo atajaza vilevile kesho akiwa katika hali ileile.

Kazi ya namna hii si ndoto, kwani katika uwanja wa jirani imekwisha kufanyika hapa Dar es Salaam. Wataalamu wa Muhimbili, akiwamo Sylvia Kaaya, walikwisha kuijaribu hojaji ya kigeni juu ya huzuni na wasiwasi kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha habari za hojaji yenye maswali 19 juu ya sonona iliyojengwa hapahapa nchini. Waliofanya hivyo kwa wagonjwa wameonyesha kwamba laweza kufanywa kwa wanamichezo.

Namba na mtu

Tuseme sasa kazi imekamilika, na hojaji ni ya Kiswahili kweli. Bado swali la uadilifu halijakwisha, kwa maana sasa tuna namba mkononi, na namba ina tabia ya kujifanya mfalme. Kocha mwenye nafasi 11 na vijana 30 ataona wepesi kuwaondoa wenye alama ndogo, akisema kwamba karatasi imethibitisha hawana moyo. Hiyo itakuwa dhuluma. Hojaji iliundwa ili kumwelewa mtu na kumsaidia. Haikuundwa kuwa ungo wa kupepeta watu.

Hata saa, ambayo mwanzoni tuliisifu kwa kutokuwa na upendeleo, ina mipaka yake. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza mbio za marathoni za ubingwa wa dunia wakiwa na muda mmoja ulioandikwa, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo Simbu atangazwe mshindi, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Kama mbio za zaidi ya kilomita 42 zaweza kuishinda saa, sentensi 12 zitawezaje kutoa hukumu ya mwisho juu ya moyo wa kijana?

Tena tumkumbuke John Stephen Akhwari mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akafika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kuwa nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma kuzimaliza. Mtu huyu bila shaka aliyasikia maumivu ya mwili wake kwa kila hatua, na hojaji ingempa alama zake za kuusikia mwili. Lakini kilichompeleka mbele kilikuwa deni kwa waliomtuma, na deni hilo halina sentensi katika karatasi ile. Kipimo chema hujua kwamba kuna yaliyobaki nje yake.

Hitimisho

Tumeuliza kama ni haki kuupima moyo wa mtu kwa maneno yasiyo yake. Jibu letu ni kwamba si haki, na kwamba uovu wake hauondolewi na nia njema wala hesabu sahihi, kwa kuwa mtu asiyeelewa swali hajaulizwa, na mtu asiyeulizwa hajajibu. Alama anazopewa ni za mtu mwingine. Lakini vilevile si haki kumnyima kijana wa Kitanzania elimu ambayo vijana wa Uturuki na Marekani wanaifaidi, kwa kisingizio kwamba imetoka mbali. Kati ya maovu hayo mawili iko kazi, nayo ni kazi ya lugha. Walimu wa Kiswahili na walimu wa michezo, ambao katika shule nyingi hukutana tu wakati wa chai, wana sababu ya kukaa meza moja. Wanafunzi nao wasijione kuwa ni watu wa kupimwa tu. Wao ndio wenye maneno ambayo wataalamu wanayatafuta.

Na mwalimu asiye na hojaji yoyote, asiyejua hesabu za wataalamu, asidhani kwamba hana la kufanya. Baada ya mazoezi, kabla vijana hawajatawanyika kutafuta daladala, na awaketishe kivulini awaulize kwa Kiswahili chepesi: leo mlipokuwa mnakimbia, mioyo yenu ilikuwa wapi? Kisha anyamaze, asikilize hadi lipite jibu la adabu na lije jibu la habari.